Darasa Lilisinzia Kabla Kino Hajaamka

Mwalimu Mstaafu, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari msingi iliyoko kwenye kijiji cha wavuvi, Kwale, kusini mwa pwani ya Kenya, na huu ni mwaka wangu wa pili kazini. Darasa langu la Gredi ya 8 lina wanafunzi 46, wengi wao wakiwa na umri wa miaka 13 au 14, ambao nyumbani huzungumza Kidigo, uwanjani huzungumza Kiswahili, na Kiingereza hukisikia kwa walimu na kwenye simu za kaka zao. Wanasoma kwa matamshi mazuri tu, lakini ukiwauliza aya waliyoimaliza sasa hivi ilikuwa ikisema nini, wanakukodolea macho kama kwamba umewauliza habari za nyumba ya jirani.

Mwanzoni mwa muhula huu niliamua kwamba hatutaendelea kuishi kwa vifungu vya ufahamu vya nusu ukurasa, na kwamba lazima wasome riwaya nzima, tena riwaya yenye jina. Nilichagua The Pearl ya John Steinbeck kwa kuwa ni fupi, ina sura sita tu, na kwa kuwa iliwahi kuwa kitabu teule cha hiari katika mtihani wa KCSE, hivyo nakala kuukuu hazikosekani katika nyumba za waliomaliza kidato cha nne. Nilizunguka kwa jamaa, kwa majirani na kwa wauza vitabu vya mitumba hadi nikapata nakala 11, mbali na ile yangu mwenyewe.

Nilijiandaa kwa wiki mbili, na ninakiri kwamba nilijivunia maandalizi yale. Kipindi cha kwanza nilifundisha maisha ya mwandishi: kuzaliwa kwake Salinas, California, mwaka 1902, vitabu vyake vingine, na Tuzo ya Nobel aliyotunukiwa mwaka 1962. Kipindi cha pili niliandika ubaoni maudhui ya kitabu, yaani tamaa, ukoloni, matabaka na nafasi ya mwanamke, nao wakayanakili. Kipindi cha tatu niliwapa orodha ya maneno magumu 30 pamoja na maana zake, nayo wakainakili. Siku ya nne ndipo tulipofungua kitabu, nikawataka wasome kwa zamu, kila mmoja sentensi moja, tukianzia kwenye dawati la mbele. Hatukufika ukurasa wa tatu. Wawili watatu walikuwa wamesinzia, waliobaki walikuwa wakihesabu sentensi ili wajue zamu yao itaangukia wapi, na kijana mmoja aliyekaa karibu na dirisha akainua mkono akauliza kwa adabu kabisa, "Mwalimu, kwani hiki kitakuja kwenye mtihani?" Nilimjibu kwamba hakitakuja. Tangu hapo hakuna aliyenitazama usoni mpaka kengele ilipolia.

Mkuu wa idara yangu ananishauri nikiache, au kama nimeng'ang'ania, niwanunulie mwongozo ule wa maswali na majibu ili angalau wajue hadithi inahusu nini. Mwenzangu mwingine anasema nitafute toleo lililofupishwa na kurahisishwa. Mzazi mmoja naye, ambaye binti yake mkubwa alikisoma kitabu hiki akiwa sekondari, alikuja shuleni kuuliza kwa nini ninawasomesha watoto wadogo kitabu ambamo mume anampiga mkewe na mtoto mchanga anauawa kwa risasi. Sikuwa na jibu la kumpa.

Na kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Katika darasa langu yumo mvulana ambaye baba yake alikuwa mpiga mbizi wa majongoo ya bahari, na miaka mitatu iliyopita alizama na hakurudi. Nililikumbuka hilo usiku mmoja nilipokuwa nikiandaa sura ya pili, pale Kino, mzamia lulu ambaye ndiye mhusika mkuu, anapozamia chaza, nikakifunga kitabu na mpaka leo nakala zote zimo kabatini.

Naomba uniambie, Mwalimu, kama nilikosea kuchagua kitabu au nilikosea kukileta. Na je, ninaruhusiwa kweli kuzungumza Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza, au nitakuwa nimejishinda mwenyewe?

Mwalimu wa Gredi ya 8, Kwale

*

Marahaba, mwanangu.

Kitabu hukukosea. Kosa lako liko katika mpangilio, na ninalifahamu vizuri kwa sababu mimi mwenyewe nililirudia kwa miaka isiyopungua kumi kabla sijashtuka: uliwajulisha watoto kwa Steinbeck kabla hujawajulisha kwa Kino. Mgeni akija nyumbani hatuanzi kwa kumsomea ukoo wa mjenzi wa nyumba, tunamkaribisha ukumbini. Wewe uliwaweka wanafunzi 46 barazani kwa vipindi vitatu, ukiwaeleza nani alijenga, alitunukiwa nini na nyumba ina vyumba vingapi, na ulipofungua mlango siku ya nne, walikuwa wameshachoka kusimama. Yale yote uliyoyafundisha ni ya kweli na yana mahali pake, lakini mahali pake ni mwishoni, wakati mtoto ameshampenda au ameshamkasirikia Kino na anataka kujua ni mtu gani aliyeyatunga mambo haya.

Tazama kitabu chenyewe kinavyoanza. Mtu anaamka gizani, nyota bado zinang'aa, majogoo yamekuwa yakiwika kwa muda, mkewe Juana yuko macho karibu naye, mtoto wao mchanga, Coyotito, amelala ndani ya kisanduku kilichoning'inizwa kwa kamba, moto unachochewa, mahindi yanasagwa, na huko nje bahari inasikika. Ni mtoto gani wa kijiji chako asiyeijua asubuhi hiyo? Halafu, baada ya kurasa chache tu za utulivu, nge anateremka polepole kwenye kamba ya kile kisanduku. Mwandishi amekuwekea mlango wazi kiasi hicho, nawe ukawapitishia watoto dirishani, tena dirisha lenye maneno magumu 30.

Basi fanya hivi. Ngoja wiki mbili zipite, ili kile kitabu kilichowachosha kisahaulike kidogo. Kisha siku moja uingie darasani ukiwa na nakala yako peke yake, usiandike kichwa wala tarehe ubaoni, na uwaulize swali moja: katika nyumba yenu, mtu akiumwa na nge, hufanywa nini? Waache wazungumze kwa lugha inayowajia mdomoni. Utasikia habari za kufunga kwa kitambaa, za kuchanja, za vitunguu, za mafuta, za bibi mwenye dawa yake na za zahanati iliyofungwa siku ya Jumapili. Wape dakika 7 au 8, usizidishe, kwa sababu kipindi ni dakika 40 na unazihitaji zilizobaki. Kisha uwaambie, "Nisikilizeni," na uanze kusoma wewe mwenyewe, kwa sauti, kuanzia sentensi ya kwanza. Usisimame kueleza neno. Soma polepole pale penye ukimya, na pale nge anapoanza kushuka upunguze sauti mpaka walioko nyuma walazimike kuinama mbele. Nge akiwa bado yuko kwenye kamba, mkono wa Kino ukiwa unamnyemelea na Coyotito akiwa anacheka, funga kitabu.

Ndiyo, funga. Watapiga kelele. Wewe uage utoke.

Nimelifanya hilo na madarasa mengi, na sijawahi kukosa angalau mtoto mmoja aliyenifuata mpaka mlango wa ofisi ya walimu kuuliza kama mtoto aliumwa. Ninachokushauri ni kwamba umwambie, "Sijui, kasome," na umpe nakala. Kitabu cha kwanza kitoke kabatini kwa kuombwa, kisitoke kwa kugawiwa.

Kuhusu kusoma kwa zamu, sentensi kwa sentensi, naomba uliache kabisa, angalau kwa kitabu hiki. Mtoto anayehesabu sentensi zake hasikii za wenzake, na mtoto anayekwama mbele ya wenzake 45 hujifunza kitu kimoja tu, nacho ni aibu. Usome wewe zile sehemu zinazobeba hadithi, na zile nyingine wazisome kimyakimya katika vikundi. Kwa nakala 11 utapata vikundi 11, tisa vya watoto wanne na viwili vya watoto watano, nao wapangwe ili kila kikundi kiwe na msomaji mmoja asiyeogopa. Nakala moja kwa watu wanne si balaa kama unavyodhani. Vichwa vinne juu ya ukurasa mmoja huzungumza, na mazungumzo hayo ndiyo ufahamu unaoutafuta.

Orodha ya maneno 30 nayo itupe. Kwa kila sura chagua maneno yasiyozidi matano, yale ambayo mtu asipoyajua atapotea njia, na uyaonyeshe badala ya kuyafasiri. Sura ya kwanza inalo lile la nge, na ya pili inalo la mwani. Hapo kwenye mwani nataka ukae kidogo, kwa sababu wewe uko Kwale na mwalimu wa Nairobi hana bahati hiyo. Nge anamuuma Coyotito begani, na Juana anaifyonza sumu kwa mdomo wake, kisha anadai daktari aitwe, jambo ambalo halijapata kutokea mtaani mwao. Wanakwenda hadi lango la daktari, naye anawakataa kwa sababu Kino hana cha kulipa isipokuwa vilulu vinane vilivyopindapinda, visivyo na thamani. Kino anapiga ngumi lango lile mpaka mkono wake unapasuka. Halafu, katika sura ya pili, Juana anachota mwani kutoka majini, anautandika kwenye bega la mtoto, na mwandishi anasema kwamba tiba ile ilikuwa nzuri sawa na nyingine yoyote, na pengine kuizidi ya daktari, ila haikuwa na heshima kwa kuwa ilikuwa rahisi na haikugharimu kitu. Wanafunzi wako wanaona wanawake wakilima mwani, labda mama zao wamo. Wasomee sentensi hiyo mara mbili kisha uwaulize ni vitu gani vingine wanavyovijua ambavyo havina heshima kwa sababu ni vya bure. Hutahitaji kuandika neno "matabaka" ubaoni.

Sura ya nne, ya wanunuzi wa lulu, ndiyo moyo wa kitabu kwa watoto wa pwani, nami ningeipa wiki nzima. Kino anaingia mjini na lulu kubwa kuliko zote, kijiji kizima kikimfuata nyuma, na anapelekewa bei ya peso 1,000. Anataka 50,000. Anaitiwa wanunuzi wengine ili aone kwamba haonewi: mmoja anaikataa kabisa lulu ile, mwingine anatoa 500. Msomaji ameshaambiwa mapema kile ambacho Kino anakishuku tu, kwamba wanunuzi wale wote, kila mmoja na ofisi yake, ni mawakala wa mtu mmoja. Kabla hamjaisoma, icheze darasani. Chagua wanafunzi wanne wawe wanunuzi, uwape kila mmoja karatasi iliyokunjwa yenye bei ya juu ambayo hawaruhusiwi kuivuka, na bei hiyo iwe ileile kwa wote bila wao wenyewe kujua. Mtoto wa tano awe mvuvi mwenye samaki wa kuuza. Wakishahangaika vya kutosha, wafungue karatasi. Sitakueleza kitakachotokea, lakini ukae tayari kusikia habari za tajiri anayemkopesha mvuvi nyavu na mashine kisha akampangia bei ya samaki, na za mpiga mbizi anayeuza majongoo bila kujua yanauzwaje yakifika ng'ambo. Watazungumza kwa hasira, na kwa Kiswahili. Waache.

Maana umeniuliza kuhusu Kiswahili, nami nitakujibu bila kuzunguka: ndiyo, kitumie. Mtoto hawezi kufikiri kwa lugha aliyonayo nusu juu ya jambo alilolielewa robo. Mazungumzo yaende kwa Kiswahili au Kidigo, na mwisho wa kipindi kila kikundi kiandike kwa Kiingereza sentensi mbili tu juu ya walichokisema, nawe uzisahihishe sentensi hizo kwa makini kuliko ambavyo ungesahihisha insha ndefu. Kuna walimu watakaokuambia kwamba unaharibu Kiingereza. Waalike waje wasome zile sentensi.

Juu ya mwongozo na toleo lililofupishwa nitasema machache. Kitabu chenyewe ni kifupi tayari, na ukikifupisha tena unabaki na mifupa: mtu alipata lulu, lulu ikamletea balaa, akaitupa. Hapo ndipo hatari kubwa zaidi ilipo kwa wasomaji wetu, kwa sababu mifupa hiyo inaingia barabara katika methali wanayoijua tangu utotoni. Utaona, kabla hamjafika katikati, mkono utainuka na sauti itasema, "Mwalimu, tamaa mbele, mauti nyuma," na darasa zima litaitikia kwa kichwa, na mwongozo nao utakubaliana nalo, na kitabu kitakuwa kimekufa kwa mara ya pili. Usimkatae mtoto huyo, wala usimsifu. Mwulize Kino alitaka nini. Mrudishe kwenye sura ya tatu, ambapo Kino anaulizwa atafanya nini kwa utajiri wake, na umtake ayaorodheshe yale matakwa: kufunga ndoa kanisani, nguo mpya, chusa jipya, bunduki, na mtoto wake aende shule ajifunze kusoma ili asiwepo mtu atakayewadanganya tena kwamba kitabuni imeandikwa hivi au vile. Kisha umwulize ni lipi kati ya hayo lililo tamaa. Je, mzazi anayetaka mwanawe asome ana tamaa? Je, yule anayekataa peso 1,000 kwa kitu anachojua kina thamani zaidi ana tamaa, au anayetaka kukinunua kwa bei hiyo ndiye mwenye tamaa? Juana mwenyewe anasema lulu ile ni ovu na inafaa itupwe, na shemeji yake Juan Tomás anahofu kwamba Kino amepinga mpangilio mzima wa maisha yao, lakini hofu na tamaa si kitu kimoja. Mimi kwa maoni yangu Kino hakuangamizwa na tamaa yake, ila najua walimu wazuri wanaoamini kinyume, na Steinbeck mwenyewe anafungua kitabu kwa kusema kwamba kama hadithi hii ni fumbo, basi huenda kila mtu huchukua humo maana yake mwenyewe. Darasa lililogawanyika juu ya swali hilo ni darasa linalosoma riwaya.

Sasa yule mzazi. Alichokisema ni kweli, na ungemwambia hivyo. Katika sura ya tano Kino anampiga Juana, anamwangusha na kumpiga teke, baada ya kumkamata akijaribu kuirudisha lulu baharini. Ukurasa huo usome wewe, usiwape wauigize hata kidogo, na ujue kwamba baadhi ya wavulana watacheka. Wakicheka usiwakemee papo hapo, bali uendelee kusoma, kwa sababu muda si mrefu Kino anavamiwa gizani, anaua mtu, na Juana yuleyule aliyepigwa ndiye anayeiokota lulu njiani, anayeuburuta mwili wa marehemu na kuuficha vichakani, anayefikiri wakati mumewe hawezi kufikiri. Halafu wape kazi ya kutafuta: katika safari yao nani hutembea mbele na nani nyuma, na katika ukurasa wa mwisho, wanaporudi mjini, wanatembeaje? Waache wagundue wenyewe kwamba wanarudi bega kwa bega, na wabishane kwa nini. Kifo cha mtoto ni kizito zaidi. Iko sentensi moja inayoeleza alivyopigwa risasi ambayo uisome mara moja kwa sauti ya kawaida, usiirudie, wala usiitungie swali. Mzazi huyo mwombe aje akae nyuma ya darasa siku hiyo. Nadhani hakuogopa kitabu, aliogopa kisomwe na mtu asiyejua kilichomo.

Nimeliacha mwishoni jambo la yule mvulana kwa sababu ndilo lililokufanya ukifunge kitabu, na ulifanya vyema kukifunga. Kabla hujakifungua tena nenda nyumbani kwao. Mweleze mama yake, kwa Kidigo kama unakijua, kwamba darasa litasoma hadithi ya mpiga mbizi, na umwambie wazi kwamba katika hadithi hiyo bahari haimchukui Kino: anapiga mbizi akiwa na kamba mbili, moja imefungwa jiwe zito na nyingine kikapu, anakata chaza, na anarudi juu salama akiwa na lulu. Balaa lote la kitabu hiki linatoka nchi kavu. Kisha zungumza na mtoto mwenyewe, peke yenu, si mbele ya wenzake na si siku moja kabla. Mwambie anaweza kukaa, anaweza kwenda maktaba, anaweza kuisoma sura hiyo kabla ya wengine. Jambo moja usilifanye kamwe, hata kama litakuja kwa nia njema: usimwombe awaeleze wenzake kazi ya baba yake ilikuwaje. Akitaka kusema atasema. Kitabu kinadai kwamba Kino aliweza kukaa chini ya maji kwa zaidi ya dakika mbili bila kujitesa, na ninaona kila dalili kwamba darasa lako litaligombania dai hilo, nani anaweza na nani hawezi, bila miwani na bila mtungi wa hewa. Huenda yeye ndiye atakayejua jibu, au huenda atatazama dirishani. Yote mawili yaruhusu.

Mkishamaliza sura ya sita, na lulu ikiwa imerudi chini ya maji, ndipo umlete mwandishi. Hapo waambie kwamba mwaka 1940 Steinbeck alisafiri kwa mashua katika Ghuba ya California, na kwamba hadithi hii aliipata huko La Paz, Mexico, ikiwa tayari inasimuliwa na wenyeji, hadi aliposhika kalamu, na kitabu kikatoka mwaka 1947. Yaani kabla haijawa riwaya ya Kiingereza ilikuwa hadithi ya mdomo ya watu wa bahari. Hapa unaweza kuwaongezea kwamba lulu si jambo la mbali kwao pia: madau yaliyokuja pwani yetu na upepo wa kaskazi yalitoka katika nchi zilizoishi kwa biashara ya lulu, kwamba miongoni mwa wapiga mbizi wa Ghuba ya Uajemi walikuwamo watu waliotekwa Afrika Mashariki wakauzwa huko, na kwamba biashara ile ilivunjika katika miaka ya 1930, lulu za kufugwa kutoka Japani zilipoenea sokoni. Lakini usilifanye hilo kuwa somo la historia. Dakika 10 zinatosha, nayo Tuzo ya Nobel utaitaja katika dakika ya mwisho, kama mtu anayetaja jina la jirani.

Kisha kazi ya nyumbani iwe moja: kila mtoto aende amsimulie hadithi ya Kino mtu mzima asiyejua Kiingereza, kwa lugha yoyote, na arudi na jambo moja ambalo mtu huyo alilisema. Siyo muhtasari, jambo moja tu. Hayo ndiyo muyaandike kwa Kiingereza, na ninakuahidi kwamba hutapata insha 46 zinazofanana, kama ambavyo mwongozo ungekuzalia.

Kuhusu mtihani, yule kijana wa dirishani aliuliza swali la haki, na jibu lako lilikuwa la kweli. Usimwekee kinyongo. Siku utakayofunga kitabu nge akiwa kwenye kamba, mtazame yeye kwanza, na kama atainua mkono tena, mpe nakala ya kwanza aende nayo nyumbani Ijumaa, airudishe Jumatatu.